Saa Mbili Zisizo na Mwenyewe

Ofisini walimwita Mwandishi. Kwenye mkataba wake cheo kilisomeka Afisa Mawasiliano, lakini hakuna aliyekitumia isipokuwa wafadhili walipomwandikia barua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo, na tangu amalize shule hakuwahi kuishi kwa kazi nyingine ila ya maneno.

Alianzia kwenye gazeti dogo, chumba cha wasahihishaji, akatupiwa ukurasa ambao wenzake waliukwepa, wa matangazo ya vifo. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kuhakikisha marehemu hakosewi jina wala mjukuu hasahauliwi. Aliwahi kuruka mstari mmoja tu, mke wa pili wa mzee mmoja akakosekana kwenye orodha ya wafiwa, na siku ya pili watoto wa yule mama wakaja kuvunja kioo cha mapokezi. Kutoka hapo akaenda redioni, akasoma habari za saa saba mchana hadi redio ilipouzwa na mmiliki mpya akataka sauti changa. Ndipo akaangukia kwenye shirika lililotengeneza miguu ya bandia na kuwapa watu bila malipo. Alidhani atakaa mwaka mmoja akitafuta kazi ya maana. Alikaa kumi na mmoja.

Aliipenda karakana ya shirika lile kuliko ofisi zake. Ilinuka plasta mbichi na gundi, na ukutani miguu ilining'inia kwenye misumari, ya watoto na ya watu wazima, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye jina. Wanahabari wengine waliokuja pale waliwauliza watu walivyopoteza mguu. Yeye hakuuliza hilo. Aliuliza, "Siku ya kwanza uliyovaa kiatu cha pili, ulikwenda wapi?" Majibu ya swali hilo ndiyo yaliyolipatia shirika jina. Mmoja alikwenda kusimama foleni benki, na hakuwa na akaunti. Mwingine alikwenda kumpita jirani yake, akarudi, akampita tena.

Nyumbani aliishi na mama yake, ambaye masikio yalikuwa yameanza kuwa mazito na bado aliwaambia wageni kwamba binti yake yuko redioni. Starehe yake Mwandishi ilikuwa moja: kutunga mafumbo ya maneno. Alinunua madaftari ya hesabu yenye miraba, akakaa na kamusi mbili zilizochakaa, akapiga mistari kwa rula, akatia giza kwenye miraba mingine, akaacha mingine wazi. Hakuwa na pa kuyachapisha. Mtu pekee aliyeyajaza alikuwa dereva.

Dereva huyo ofisi nzima ilimwita Taratibu. Mwendo wake barabarani ulikuwa wa mtu anayebeba mayai. Vijana wa karakana walisema kwamba ukipanda gari lake umenyoa, utashuka na ndevu. Yeye alicheka tu, akajibu kuwa mwenda pole hajikwai. Kila kitu alikiandika kwenye daftari la safari: saa ya kuondoka, saa ya kufika, hata pale aliposimama kunywa chai. Miaka kumi walizunguka pamoja, yeye kwenye usukani na Mwandishi pembeni na kamera mapajani, na wakati Mwandishi akihoji watu, Taratibu alikaa garini akijaza fumbo kwa penseli, akilalamika.

"Dada, hili neno la herufi saba umelitoa wapi? Hata bibi yangu hakulijua."

"Limo kwenye kamusi, kaka."

"Kamusi yako nayo ifanyiwe sensa. Kuna wengi mle ndani walishakufa."

Kwa kuwa alimwita dada, mke wake naye akamwita Mwandishi wifi, kwanza kwa utani, baadaye kwa dhati. Alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye viganja vilivyopauka kwa dawa za kufulia. Binti yao, aliyekuwa sekondari, alimwita shangazi. Mwandishi hakuwa na kaka wala mtoto. Aliyapokea majina hayo kimyakimya, kama mtu aliyepewa zawadi na akaogopa kuifungua mbele za watu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Walikwenda mji mdogo, mwendo wa saa moja na nusu, kumpiga picha fundi mwashi aliyepewa mguu mwaka uliopita na sasa alikuwa amerudi kupanda majukwaa na kujenga. Mpango ulikuwa wamalize saa tisa. Taratibu amfikishe Mwandishi nyumba ya wageni, kwa kuwa asubuhi angemhoji mke wa fundi, kisha yeye arudi mjini na gari, maana alfajiri lilitakiwa kuchukua wagonjwa. Sheria ya shirika ilijulikana na wote: gari lisiwe barabarani baada ya saa kumi na mbili jioni.

Saa tisa picha zilikuwa zimepigwa na zote zilikuwa mbovu. Jua la utosini lilimfanya fundi aonekane kama kivuli kilichobandikwa ukutani. Mwandishi alizitazama moja moja kwenye kioo cha kamera, akaguna. Alijua anachokitaka. Alikitaka kile chuma cha mguu kishike mwanga wa jioni, huku fundi akiwa juu kabisa ya ukuta na mwiko mkononi.

"Dada, twende zetu," Taratibu alisema. "Sheria ya gari unaijua."

"Nusu saa tu, kaka. Ukiondoka nani atanishikia kitambaa cheupe? Na nani atanifikisha kule ninakolala?"

"Nimeshampigia mama watoto nikamwambia leo narudi mapema."

"Lawama nitabeba mimi."

Nusu saa ikazaa nusu saa nyingine. Wingu lilikaa mbele ya jua na halikutaka kuondoka. Taratibu alishika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, akabadilisha mkono, akatazama saa. Saa kumi na mbili na dakika kumi jua likachungulia chini ya wingu, ukuta mzima ukawa kama mkaa unaopulizwa, na fundi akageuka kuwatazama. Mwandishi akabonyeza. Alijua papo hapo kwamba katika miaka yake kumi na moja hakuwahi kupata picha kama ile.

Mbele ya nyumba ya wageni ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Taratibu alitoa daftari la safari na kalamu.

"Usiandike saa," Mwandishi alisema. "Acha wazi. Jumatatu nitaongea na Mkurugenzi, tutaijaza vizuri."

Taratibu akamtazama. "Miaka yote hii sijawahi kuacha wazi."

"Kwa leo tu."

Akafunga daftari. "Haya. Lala salama, dada."

Saa moja na nusu, kwenye mteremko wa kona, gari lake liliingia chini ya lori lililoharibika na kuachwa katikati ya njia bila taa wala tawi la kuonya watu. Mwandishi aliambiwa asubuhi na mhudumu wa nyumba ya wageni, aliyedhani anamsimulia ajali ya watu wengine.

Mkurugenzi wa shirika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke aliyechoka, aliyebeba shirika zima mgongoni, na macho yake siku ile yalikuwa mekundu kwa kulia. Alimwita Mwandishi ofisini. Afisa utumishi alikuwa amekaa pembeni na karatasi.

"Pole sana. Najua mlivyokuwa," Mkurugenzi alianza. "Nataka tu nielewe. Polisi wanasema ajali ilikuwa saa moja na nusu, na pale ni mwendo wa saa moja kutoka kule mlikokuwa. Daftari halina saa ya kuondoka. Nyinyi mliachana saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu," Mwandishi alisema.

Neno lilitoka lenyewe, kama mkono unavyoinuka kujikinga kabla mtu hajaamua. Alisubiri aulizwe tena ili alirudishe. Hakuulizwa. Kalamu ya afisa utumishi iliandika, ikaweka nukta.

"Sasa kutoka saa kumi na nusu alikuwa wapi?" Mkurugenzi alijiuliza mwenyewe, kwa upole.

Taarifa kwa umma aliiandika Mwandishi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ilikuwa na mistari saba. Mkurugenzi alimwomba aweke sentensi moja kwa ajili ya watu wa bima na wafadhili. "Ilainishe," alimwambia. Mwandishi akailainisha. *Taarifa za awali zinaonesha kwamba gari lilikuwa barabarani nje ya muda na ratiba iliyoidhinishwa.* Aliisoma mara tatu. Haikuwa na uongo ndani yake, na hilo ndilo lililomtisha. Akaituma. Ile picha ya fundi aliihifadhi kwenye faili lisilo na jina, na kwenye jarida la shirika akatoa nyingine ya mchana, bapa kama sahani.

Msibani alikaa na wanawake, akapika, akaosha vyombo, akamshika mkono binti wa marehemu. Huko nyuma, kwenye masufuria, ndiko alikosikia mara ya kwanza.

"Ameachana na wenzake saa kumi na nusu, amekufa saa moja na nusu. Mpaka pale alipofia ni mwendo wa saa moja tu."

"Basi saa mbili zilikwenda wapi?"

"Uliza wanaume wenyewe. Saa mbili za mwanamume hazikosi mwenyewe."

Baada ya juma moja zilikuwa na mwenyewe. Chini ya ule mteremko palikuwa na kituo cha mafuta, na pembeni yake kibanda cha chai cha mwanamke mmoja aliyefiwa na mume zamani. Madereva wote walisimama pale, na Taratibu hakupita bila kusimama. Hilo likatosha. Vijana wa karakana, waliomlilia kwa machozi ya kweli, nao wakatunga utani wao: kumbe Taratibu alikuwa na haraka zake. Mwandishi aliusikia akiwa mlangoni. Wakanyamaza walipomwona, wakidhani wamemuumiza kwa sababu ya huzuni.

Kila Jumatatu alijiambia kwamba leo ataongea. Kila Jumatatu ilikuwa na jambo: kikao, mgeni, umeme umekatika. Uongo wa siku moja ni rahisi kuuvua. Wa wiki tatu unakuwa umeshashika ngozi. Mama yake alimtazama mezani akisukuma chakula huku na huku.

"Kuna nini huko redioni?" mama aliuliza.

"Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu ndiyo inayokukondesha hivyo?"

Jumamosi moja mchana mke wa Taratibu alibisha hodi. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa viatu vya plastiki vya hospitali. Alikataa maji, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Wifi, sikuja kulia leo. Nimekuja na kazi."

"Sema."

"Nataka uniandikie barua kwenda kwa hao wakubwa wako. Mwenyewe alikuwa akisema dada akiandika hata jiwe litaelewa." Alitabasamu kidogo, tabasamu likazimika. "Waniambie alikuwa wapi. Wamelitazama gari, wamelitazama daftari. Lazima wanajua."

"Ni kwa ajili ya fidia?"

"Fidia wakininyima wataninyima. Mimi nina mikono. Lakini nimelala na mtu miaka kumi na tisa, wifi. Nataka nijue nilikuwa nalala na nani."

Mwandishi alitazama meza. "Kaka yangu hakuwa mtu wa hivyo."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Sasa wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemwona. Alipoondoka saa kumi na nusu, alikuaga vipi? Alikuwa na furaha? Mwanamume anayekwenda kwa mwanamke hufurahi."

"Aliniambia nilale salama."

Mke wa Taratibu alikunja uso. "Saa kumi na nusu?"

Mwandishi alifungua mdomo aseme. Lakini mama yake akaita kutoka chumbani akitaka dawa zake, naye akainuka kama mfungwa aliyefunguliwa. Aliporudi, mgeni alikuwa ameshajijibu. "Labda ndivyo mnavyoagana kazini," alisema, akatandaza mikono yake iliyopauka juu ya meza. "Haya, andika."

Akaandika. Ilikuwa barua nzuri, na aliposomewa, mke wa Taratibu alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Jumatano ilifika ofisini. Alhamisi Mkurugenzi aliileta mwenyewe mezani kwa Mwandishi.

"Huyu mama ametafuta mtu wa kumwandikia, na huyo mtu anajua kazi," alisema. "Mjibu kwa upole. Mwambie ukweli, kwamba daftari halikujazwa saa. Hatuna kingine."

Hivyo Mwandishi akaijibu barua aliyoiandika mwenyewe. Baadaye, alipojaribu kukumbuka ni hatua ipi hasa iliyokuwa mbaya kuliko zote, ni hii iliyomrudia. Siku ile ya kwanza alikuwa na hofu. Siku hii hakuwa na hofu yoyote. Alikaa, akarekebisha mkato wa sentensi ya pili, akagonga muhuri.

Yale majibu ndiyo yaliyomaliza kila kitu. Mume ambaye aliandika hata dakika za kunywa chai, siku ya kufa kwake ameacha wazi. Mke wake hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Simu ilikuja siku ya kazi, saa nne asubuhi, kutoka kwa binti. "Shangazi, njoo. Mama yuko polisi."

Alikuwa amekwenda kwenye kile kibanda cha chai. Hakupanga kupigana, alisema baadaye, alitaka tu kumwona mwanamke huyo usoni. Akamkuta anacheka na mteja. Maneno yakatoka, wateja wakasimama, birika kubwa lililokuwa jikoni likapinduka, na maji ya moto yakamwagikia mguu wa mama chai kuanzia gotini. Polisi wa pale walimweka mpaka ndugu waje wakubaliane. Mama chai alikuwa amepelekwa zahanati na alikuwa amesema hataki kesi.

Mwandishi alimkuta mke wa Taratibu kwenye benchi la nje, ukuta nyuma yake umepakwa rangi nusu, binti amesimama kando na mkoba wa mama yake kifuani. Akakaa.

"Nimemuunguza mwanamke wa watu," mke wa Taratibu alisema. Hakuwa akilia. "Ameapa, wifi. Anaungua na bado anaapa. Anasema mume wangu alikuwa akinunua chai akinywea garini, miaka saba, hata ndani ya kibanda hajawahi kuingia. Nami nikimtazama naona anasema kweli. Sasa nikimwamini yeye, hizo saa mbili nazipeleka wapi?"

"Zilikuwa kwangu," Mwandishi alisema.

"Nini?"

"Hizo saa mbili. Alikuwa na mimi."

Uso wa mke wa Taratibu ulibadilika, na Mwandishi alitambua kwamba ameeleweka vibaya, akaharakisha, maneno yakigongana kama ya mtu asiyejua kazi hiyo. Alisema habari ya wingu, ya kitambaa cheupe, ya fundi juu ya ukuta. Alisema kwamba waliondoka pale jua linazama, kwamba yeye ndiye aliyesema atabeba lawama, yeye ndiye aliyesema daftari liachwe wazi. Alisema alivyoulizwa na alivyojibu.

"Picha," mke wa Taratibu alisema.

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnapiga picha."

"Ndiyo, wifi."

Askari alitoka, akamwaga maji ya kuoshea kikombe, akarudi ndani.

"Bora ungeniambia ulikuwa hawara yake," mke wa Taratibu alisema hatimaye. "Ningekuchukia, nikamaliza." Akaivuta kanga yake mabegani. "Siku themanini na mbili. Nimehesabu. Siku themanini na mbili namtukana mtu kaburini. Nguo zake nimezigawa kwa watu nisiowajua ili nisizione zikipita. Mtoto wake nimemwambia asimlilie baba yake mbele yangu. Na ulikuja. Ulikuja nyumbani kwangu ukaosha sufuria."

"Nisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Hata sijui niliweke wapi." Akamgeukia binti yake. "Twende." Kisha, bila kumtazama Mwandishi: "Kaseme kule ulikosemea. Mimi si ofisi."

Alikwenda kesho yake. Usiku kucha alikuwa ameandika ukurasa mmoja usio na pambo, sentensi fupi fupi kama za mtoto, akabandika ile picha ya fundi pamoja na saa ilipopigwa. Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Mwandishi aliitazama ile miwani mezani.

"Ningekupa barua ya onyo," Mkurugenzi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu kwenye chumba kitupu. "Barua ya onyo, basi. Nina maafisa hapa wenye barua tatu tatu na wanaendelea na kazi."

Hilo ndilo Mwandishi aliloondoka nalo siku ile, kuliko hata kazi aliyoipoteza. Alikuwa amemzika mtu mara ya pili kwa kuogopa karatasi moja.

Alijiuzulu kabla ya mwisho wa mwezi, maana ndivyo walivyokubaliana. Mambo mengine yalikwenda polepole, lakini yalikwenda. Watu wa bima walimhoji mara mbili, wakamhoji na fundi mwashi, na baada ya miezi saba wakakubali kwamba marehemu alikuwa kazini. Fidia ikatoka, na ada ya binti ikabebwa mpaka amalize shule. Shirika lilitoa masahihisho ya taarifa yake, mistari minne, yaliyoandikwa na kijana mpya aliyechukua kiti chake. Yaliandikwa vizuri. Yalikaa kwenye tovuti mahali ambapo mtu huwa hafiki.

Maneno ya watu hayakurudi nyumbani. Wengine walisema shirika limemsafisha kwa sababu ya kuogopa mahakama. Wengine hawakusikia masahihisho kabisa. Na kule karakana, fundi mmoja wa zamani alimweleza Mwandishi walipokutana sokoni, ule utani ulikuwa umegeuka msemo. Mtu akichelewa kazini wanamwambia ana haraka za Taratibu. Waajiriwa wapya wanasema pia, na hawajui Taratibu alikuwa nani.

Mwandishi alipata kazi kwenye duka la uchapaji, chumba chembamba nyuma ya mashine, kusahihisha kadi za harusi na mitihani ya shule. Mama yake aliendelea kuwaambia wageni kwamba yuko redioni. Kwa mke wa Taratibu alikwenda mara tatu. Mara mbili mlango haukufunguliwa. Mara ya tatu binti alitoka, amekuwa mrefu, akasimama kizingitini.

"Mama amelala," alisema, na ndani sauti ya maji ya kufulia ilikuwa inasikika. "Shangazi, usije tena. Ukija, siku ile nzima hali chakula."

Hakwenda tena.

Mwaka ulipopita akapanda basi mpaka kituo cha mafuta chini ya mteremko. Kibanda kilikuwepo. Mama chai alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na alipozunguka meza Mwandishi aliliona kovu, linang'aa kutoka gotini hadi kifundoni. Aliagiza chai, akakaa kwenye benchi. Kisha akamweleza, tangu mwanzo hadi mwisho, safari hii bila maneno kugongana.

Mama chai alisikiliza huku akipanga vikombe.

"Yule mwanamke alikutuma?"

"Hapana. Hajui nimekuja."

"Yeye alikuja mwenyewe. Mara tatu. Alileta dawa ya kupaka, ya hospitali." Akasugua meza kwa kitambaa. "Madereva ndio hawaji. Wake zao wamewakataza. Zamani saa hizi ungekosa pa kukaa."

Mwandishi alitazama benchi. Alikuwa peke yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

"Nimesikia," mama chai alijibu, akamiminia kikombe kingine bila kuulizwa, akaketi upande wa pili wa meza na mguu wake mbaya ameunyoosha. Wakakaa hivyo wakitazama barabara. Basi la kwanza la kurudi mjini lilipita limejaa, la pili nalo halikusimama, na Mwandishi akaendelea kungoja.